Pipa lilichacha: tunatoa hesabu kwa watu wa Ankoro

Maneno tuliyosema Ankoro mbele ya vijana, bamama wa soko na wazee. Tunayaweka hapa kwa ajili ya wenzetu wa Kalemie, Manono na kwingine ambao hawakuweza kufika.

Tunawashukuru kwa kukuja. Tunajua wengine mulikuja kusikiliza na wengine mulikuja kucheka. Wote karibu. Sisi pia tulicheka, lakini baadaye sana.

Kazi ya leo ni moja: kutoa hesabu. Kila siku tunaomba Leta itoe hesabu ya barabara, ya hospitali, ya kodi. Basi mutu anayeomba hesabu, naye aitoe. Watu 38 wa hapa walituchangia franga 2,000 kila mmoja. Tuliwaahidi kwamba takataka za soko zitatoa gesi, na ile gesi itachemsha chai mbele ya macho yenu kwa mwezi mmoja. Siku ikafika. Tukawasha kiberiti. Kiberiti kikazimika. Mukatuita "bainjinia ba maganda", na lile jina limebaki mpaka leo.

Tuanze na kosa letu.

Sisi wanne tuliobeba kazi hii tulisoma chuo. Mmoja alisoma kemia, mmoja kilimo, wawili mambo mengine kabisa. Diploma ziko mu sanduku, kazi hakuna. Tulijua kwamba takataka zinazooza bila hewa zinatoa metani, gesi inayowaka. Tukaangalia soko letu: maganda ya mihogo, maembe yaliyooza, mabaki ya bukari, vijiti vya sombe, vichwa vya samaki. Tukasema, utajiri tunaukanyaga kila siku. Tukanunua pipa la litri 200, tukaliziba vizuri, tukatoboa kifuniko, tukapitisha bomba mpaka ku mpira wa ndani wa gurudumu ili ushike gesi. Tukajaza maganda na maembe karibu mpaka juu. Mavi ya nguruwe tulitia ndoo moja tu, tena kwa sababu yalikuwa yananuka. Tukaongeza maji, tukafunga.

Siku ya tatu mpira ukavimba. Watoto wakaimba. Sisi tukapiga picha, tukatuma Kalemie, tukajisifu. Kumbe ile gesi haikuwa metani. Karibu yote ilikuwa dioksidi ya kaboni, ile ile tunayotoa tukipumua. Haiwaki. Inazima moto. Njo maana kiberiti kilikufa mbele yenu.

Tulipofungua pipa, harufu ilitupiga usoni: harufu ya siki, na chini yake harufu ya matapishi. Hatuna maabara hapa. Tukachemsha maua mekundu ya ngaingai, tukachukua ile rangi, tukadondosha ndani yake maji ya pipa. Rangi ikabaki nyekundu kabisa. Kwa wasiojua: maji ya maua yale yanakuwa mekundu ndani ya kitu kichachu, yanaelekea zambarau ndani ya kitu cha katikati, na yanaelekea kijani ukitia majivu mengi. Pipa letu lilikuwa limechacha. Lilijaa asidi.

Hapa tunaomba bamama watusaidie kueleza, maana munajua kuliko sisi. Munkoyo siku ya kwanza ni tamu. Kesho yake una uchachu mzuri. Siku zikizidi, haunyweki. Mihogo mukiiloweka, maji yanabadilika harufu na mihogo inalainika. Ni vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho vinakula wanga na sukari, vinatoa asidi. Chakula chochote kikifungiwa bila hewa kinapita njia hiyo. Takataka za soko ni chakula, kwa hiyo nazo zinachacha.

Sasa, kutoka uchachu mpaka metani kuna safari. Ni kazi ya kupokezana, kama samaki: mvuvi anampa mkaushaji, mkaushaji anampa muuzaji, muuzaji anampa mpishi. Mu pipa kuna makundi manne. Kundi la kwanza linakata vitu vikubwa, wanga, mafuta na nyama, kuwa vipande vidogo. Kundi la pili linachachisha vile vipande kuwa asidi za aina nyingi: asidi laktiki, ile ya maziwa yaliyoganda, asidi asetiki, ile ya siki, asidi propioniki, na asidi butiriki, yenye harufu ya matapishi. Kundi la tatu linachukua propioniki na butiriki, linazigeuza kuwa asetiki na gesi ya hidrojeni. Kundi la nne njo mpishi: linachukua asetiki, au hidrojeni pamoja na dioksidi ya kaboni, linatengeneza metani. Mu pipa linalofanya kazi vizuri, kiasi cha theluthi mbili ya metani kinatoka ku asetiki.

Hao wapishi si bakteria hata. Wanaitwa arkea. Ni mwaka 1977 njo Carl Woese na George Fox, wataalamu wa Marekani, walionyesha kwamba hawa ni ukoo wao peke yao. Wako mu tope la mto, mu tumbo la ng'ombe na mbuzi, mu kinamasi. Hawapendi hewa hata kidogo. Tena hawana haraka. Vidudu vya kuchachisha vinaweza kuongezeka mara mbili ndani ya saa chache, lakini wapishi wengine wanahitaji siku kadhaa. Sasa fikirini wavuvi mia wanaleta samaki usiku na mchana, na mpishi ni mmoja, tena mzee. Samaki watalundikana. Mu pipa letu kilicholundikana ni asidi.

Na asidi ikilundikana, inampiga mpishi mwenyewe. Hapa tunaomba musikilize vizuri, maana siri yote iko hapa. Uchachu unapimwa kwa kipimo kinachoitwa pH. Saba ni katikati, chini ya saba ni uchachu. Wapishi wa metani wanafanya kazi vizuri karibu na saba. Ku saba, asidi asetiki karibu yote imegawanyika mu maji. Iliyobaki nzima haifiki hata moja kwa mia. Ukishuka mpaka karibu 4.8, nusu yake iko nzima. Ile asidi nzima njo inapenya ukuta wa kidudu, inaingia ndani, inagawanyika mule ndani na kuchachisha tumbo lake. Kidudu kinatumia nguvu yake yote kutoa uchachu nje, nguvu ya kupika haibaki. Mpishi ananyamaza. Asidi ile ile ambayo ingekuwa chakula chake imekuwa sumu yake. Tena akinyamaza, hali inazidi kuharibika, maana yeye njo alikuwa anaondoa asidi na hidrojeni. Hidrojeni ikibaki nyingi, kundi la tatu nalo linashindwa kugeuza propioniki. Propioniki inalundikana juu ya asetiki. Pipa linakwama.

Njo hivyo tulikwama. Tulikuwa na vya kuchacha vingi, wapishi kidogo. Lile pipa halikuwa na roho mbaya, na hakuna aliyeturoga kama wengine walivyosema ku soko. Tulilisha kupita kiasi.

Mutauliza: haya yote ni ya pipa, jalala linaingiaje? Jalala ni pipa bila kifuniko. Wataalamu wanaochimba majalala makubwa duniani wameona safari ile ile. Takataka mpya zinakula kwanza hewa iliyofungiwa ndani. Hewa ikiisha, uchachu unaanza. Wakati huo jalala linanuka sana, linatoa dioksidi ya kaboni na hidrojeni kidogo, na maji yanayochuruzika kutoka chini yake ni makali. Uchachu unayeyusha chuma, zinki na vitu vingine vya betri na mabati, unavibeba. Baadaye, baada ya miezi au miaka, kadiri ya joto, maji na aina ya takataka, wapishi wanaongezeka, wanakula asidi, uchachu unapungua, na metani inaanza. Jalala likizoea, karibu nusu ya gesi yake ni metani au zaidi kidogo, na iliyobaki karibu yote ni dioksidi ya kaboni.

Shikeni hili: metani yenyewe haina harufu. Kwa hiyo jalala linalonuka uchachu linaweza kuwa na metani kidogo, na jalala la zamani, lililofunikwa udongo, ambalo watu wamesahau na harufu imepungua, linaweza kuwa njo linatoa metani nyingi. Mahali pa namna ile njo watu wanajenga duka, wanajenga nyumba, watoto wanacheza mpira. Metani ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa mu chumba kilichofungwa, cheche moja inatosha kulipua. Tunasema hivi bila kutaka kutisha mutu. Tunataka tu pua yetu isitudanganye.

Je, jalala letu la Ankoro ni hatari namna hiyo leo? Tuseme ukweli: si sana. Ni fupi, limetawanyika, hewa inaingia, na watu wanalichoma. Hesabu ya kimataifa ya mwaka 2006 inayotumiwa kukadiria gesi za takataka inasema jalala lisilotunzwa lenye kina kisichofika mita 5 lihesabiwe asilimia 40 tu ya metani ya jalala lililofunikwa na kushindiliwa vizuri. Likipita mita 5, asilimia 80. Maana yake nini? Kadiri tunavyorundika mahali pamoja, ndivyo tunavyofunga hewa nje na kuwajengea wapishi nyumba.

Na mlima wa takataka unaua hata kabla ya gesi. Tarehe 11 Machi 2017, Addis Ababa, jalala la Koshe liliporomoka, likaua zaidi ya watu 110. Tarehe 10 Agosti 2024, Kampala, jalala la Kiteezi, lililokuwa linatumika tangu 1996, liliporomoka baada ya mvua kubwa, likafunika nyumba, na zaidi ya watu 30 walikufa. Kiteezi nayo ilianza na gari la kwanza la takataka. Hakuna aliyeona mlima siku ile. Sisi wa Ankoro tuko na bahati ambayo Kampala haina tena: takataka zetu hazijawa mlima. Tunaweza kuamua sasa.

Wengine wametuuliza: mbona Rwanda inapata umeme wa metani ku ziwa Kivu, na sisi tushindwe? Ni swali zuri. Wapishi wa kule ni ukoo ule ule wa arkea. Lakini gesi ya Kivu ilikusanyika chini kabisa ya ziwa kwa muda mrefu sana, imebanwa na uzito wa maji. KivuWatt, kiwanda cha megawati 26 upande wa Rwanda, kinaivuta kutoka kwenye ghala lililojijaza lenyewe. Soko la Ankoro si ghala la namna hiyo. Kwa hiyo mutu akikuja hapa na koti zuri, aseme atatupa umeme wa takataka kwa jimbo zima, mumuulize maswali matatu. Takataka kilo ngapi kwa siku? Uchachu utaupima na nini? Na pipa likichacha, nani atalipa? Akikosa jibu la swali la pili, mumupe kiti apumzike, halafu aende.

Sasa turudi ku pipa letu, maana hesabu haijaisha.

Baada ya aibu, tulitoa nusu ya ule uchachu, tukauchanganya na majani makavu na udongo ku shamba, mahali penye hewa, mbali na kisima. Tukaenda ku machinjio, tukaomba vilivyomo mu tumbo la mbuzi na ng'ombe, maana wapishi wako mule. Tukaongeza mavi ya nguruwe, safari hii bila kuziba pua. Tukatia maji ya majivu kidogo kidogo, kila siku tukitazama rangi ya ngaingai, kwa sababu majivu yakizidi nayo yanaua. Halafu tukafanya kitu kigumu kuliko vyote: hatukulisha pipa. Tulingoja.

Wiki ya sita tuliwasha kiberiti usiku, sisi wanne tu, tukiogopa kuchekwa tena. Ukatokea moto wa bluu, mdogo, kimya. Mmoja wetu alilia. Hatutasema ni nani.

Tangu hapo tunalisha sahani moja ya maganda yaliyokatwa vidogo kila siku. Siku moja ya kilio tulipokea mabaki mengi ya chakula, tukashindwa kujizuia, tukamwaga ndoo nzima. Baada ya siku mbili moto ukafifia, ngaingai ikawa nyekundu. Tukaacha kulisha siku nane, likarudi. Tumejifunza mara mbili somo moja.

Matokeo ni haya. Pipa moja linatupa moto wa kama dakika kumi kwa siku. Linachemsha chai. Halipiki bukari ya familia, halipiki maharagwe, halitaondoa makala mu mbabula zenu. Tuliwaambia mengine mwanzoni, na tulikosea. Tunaomba radhi. Maji yanayotoka, ukiyachanganya na maji mengine, yanafaa ku bustani ya lengalenga, na hilo hatukuwa tumeliahidi.

Feza: tulipokea franga 76,000. Pipa 45,000. Bomba na mpira 16,000. Gundi, waya na kifuniko 9,000. Jumla 70,000. Zimebaki 6,000, ziko hapa mezani. Anayetaka kurudishiwa sehemu yake aseme leo, sisi wanne tutaijazia kutoka mfukoni, hata kama ni polepole.

Sasa tunayoomba.

Ya kwanza, ku soko. Tuweke mahali pawili: hapa maganda na matunda, pale plastiki, betri na mikebe. Maganda yakitenganishwa na kugeuzwa kwa jembe ili hewa iingie, yanakuwa mbolea, na metani inakuwa kidogo sana, kwa sababu wapishi hawapendi hewa. Betri zikikaa mbali na uchachu, chuma chake hakiyeyuki kuingia mu maji.

Ya pili, mahali pa jalala. Ankoro iko pale Luvua inapokutana na Lualaba. Maji njo jirani yetu wa kila upande. Viongozi watuonyeshe mahali palipo juu, mbali na mto na visima, wapaweke kwa maandishi, na wazee wa kila kartiye wajue.

Ya tatu, majalala ya zamani. Yachorwe ku karata kabla watu hawajasahau. Mutu asiuziwe kiwanja juu yake bila kujua.

Ya ine, kodi. Bamama munalipa kodi ya soko. Tunaomba kwa heshima viongozi waseme hadharani ni sehemu gani inaenda ku usafi. Sisi tumesoma hesabu yetu mpaka franga ya mwisho, si jambo gumu. Tutaandika barua, tutaipeleka kwa mkono, tutaweka nakala hapa ili kila mutu aone jibu au aone kimya.

Katiba yetu, kifungu cha 53, inampa kila mutu haki ya kuishi mahali safi, na inampa pia wajibu wa kupatetea. Watu wanapenda nusu ya kwanza. Tumekuja kukumbusha ile ya pili, na tunaanza na sisi wenyewe.

Jumamosi asubuhi tuna salongo ku jalala. Kukuja na jembe, na kitambaa cha kufunika pua. Pipa liko wazi kwa anayetaka kuona moto, na ngaingai iko tayari kwa anayetaka kupima. Mukituita bainjinia ba maganda tutaitika, maana sasa tunajua maganda yanafanya nini.

Nani ana swali?